Gari Limetoka Bandarini: Utangulizi wa Bima ya Gari

Gari limetoka bandarini. Umelipa ushuru, umemlipa wakala wa forodha, umelipa na vile vigharama ambavyo hakuna aliyekutajia siku unaagiza, na sasa ufunguo uko mkononi. Hujafika hata mataa ya kwanza, mtu anakuuliza: “Bosi, tukukatie kubwa au ndogo?” Wengi hujibu “ndogo”, kwa sababu mfuko umeshakauka na ndogo inamridhisha trafiki. Wachache hujibu “kubwa” kwa sababu shemeji alisema. Katika miaka yote niliyofundisha somo la bima, waliojibu kwa kujua wanachonunua ni wa kuhesabu, na siwalaumu waliobaki. Swali huulizwa haraka, juani, na anayeuliza anasubiri kamisheni yake.

Basi karibu tukae kivulini. Nataka kukufungulia somo hili polepole kuanzia mzizi, kwani mtu akishaushika mzizi, matawi hayamsumbui. Hesabu utakazohitaji hazizidi asilimia na kugawanya. Mifano yangu ni ya Tanzania, kwa kuwa ndiko ninakozijua sheria na barabara. Kama unanisoma ukiwa Mombasa au Kampala, viwango vitatofautiana lakini misingi utaikuta ile ile. 

Tuanze mbali kidogo na magari. Huenda mtaani kwenu mna chama cha kufa na kuzikana. Kila kaya inatoa, tuseme, shilingi elfu tano kwa mwezi. Akifiwa mmoja wenu, mfuko unagharamia mazishi, unakodi turubai na viti, unalisha waombolezaji. Mwanachama aliyetoa miaka kumi bila kupata msiba haendi kwa mwekahazina kudai chake. Anamshukuru Mungu na mwezi ujao anatoa tena. Sasa uweke upatu kando ya hilo. Kwenye upatu kila mmoja atapokea zamu yake ikifika. Ni akiba iliyopangiwa foleni, na asiyepokea amedhulumiwa.

Bima ni ndugu wa kufa na kuzikana. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote, “Nimekata bima miaka mitano na sijapata kitu,” ni la mtu aliyeingia kwenye chama cha kuzikana akidhani ameingia kwenye upatu. Ukilielewa hilo tu, umeshawapita wengi wanaoendesha.

Sasa tuyape mambo majina yake ya darasani. Fedha unayotoa huitwa ada ya bima. Wewe unayeitoa ni mkata bima, kampuni inayoipokea ni mtoa bima, na fedha inayorudi kwako baada ya hasara ni fidia. Kinachouzwa hapo ni uhamisho wa hasara: unaibadilisha hasara kubwa usiyo na uhakika nayo kwa malipo madogo yenye uhakika. Kampuni inaweza kuufanya uhamisho huo kwa msaada wa kitu tunachokiita kanuni ya idadi kubwa. Wewe huwezi kubashiri kama gari lako litagongwa mwaka huu. Lakini anayeyatazama magari elfu hamsini kwa mkupuo anaweza kukadiria, bila kukosea sana, ni mangapi yatagongwa, ingawa hana habari ni ya akina nani. Kutoka hapo anajua kila mmoja achange kiasi gani ili mfuko utoshe na yeye abaki na faida.

Tuingie barabarani. Bima ndogo kwa jina lake rasmi ni bima ya mtu wa tatu, na hapa ndipo wageni wa somo hupotea. Mtu wa tatu ni nani? Hesabu hivi: wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni mtu yeyote mwingine ambaye gari lako limemdhuru. Ni mwenye bodaboda uliyemgonga Ubungo, Dar es Salaam. Ni mama lishe ambaye meza yake umeiangusha pamoja na sufuria la mchuzi. Ni mwenye gari la mbele ambaye bampa lake umelikunja kwenye foleni. Bima ndogo inaangalia huko tu. Gari lako mwenyewe likipondeka, bima hiyo haina habari nalo. Ukivunjika mguu ukiwa dereva, vivyo hivyo, kwa kuwa huwezi kuwa mtu wa tatu katika mkataba wako mwenyewe.

Kwa nini basi serikali imelazimisha bima hiyo na si nyingine? Fikiria ajali ambayo aliyegonga hana kitu zaidi ya gari bovu, na aliyegongwa amekufa, ameacha mke na watoto wanne. Mahakama inaweza kuamuru mjane alipwe, lakini amri haiwezi kutoa fedha mahali zisipokuwepo. Uingereza ililiona tatizo hili magari yalipoongezeka, na sheria yake ya barabara ya mwaka 1930 ikamlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kuwalinda wengine. Utaratibu huo ukaingia katika makoloni, na huku kwetu umebaki katika Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Msisitizo wa sheria hiyo ni uhai na mwili, yaani kifo na majeraha ya watu. Mikataba mingi ya bima ndogo huongeza na uharibifu wa mali ya mtu wa tatu, ila kwa kikomo. Uliza kikomo chako ni shilingi ngapi, maana siku hizi taa moja tu ya gari la kifahari inaweza kukumaliza.

Kwa gari binafsi, bima ndogo imezoeleka kuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Usidharau udogo wake. Ile meza ya mama lishe huenda ungeweza kuilipa mwenyewe. Mguu wa yule kijana wa bodaboda usingeuweza.

Bima kubwa inachukua yote yaliyomo katika ndogo, kisha inaligeukia gari lako: kugonga, kugongwa, kupinduka, kuungua, kuibiwa. Hapa ada haiwi ya kiasi kimoja kwa wote. Inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5. Tuchukue Toyota IST iliyokugharimu jumla ya shilingi milioni 18 hadi ikafika nyumbani. Asilimia 3.5 ya hiyo ni 630,000. Ongeza kodi ya asilimia 18, yaani 113,400. Jumla 743,400. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Katikati ya hizo mbili kuna bima ambayo mawakala huisahau, sijui kwa nini, labda kwa kuwa haina jina fupi la mtaani. Ni bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Gari lako likiungua au likiibiwa unalipwa. Ukiligonga wewe mwenyewe, hulipwi. Ada yake huwa kati ya kubwa na ndogo. Kwa mwenye gari ambaye hana mahali penye geti pa kulilaza lakini anajiamini usukani, inastahili kuulizwa bei kabla hajaamua.

Kufikia hapa nadhani unaona kwamba uamuzi wote unaning'inia kwenye neno moja: thamani. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia zaidi, na mimi nikiwemo.

Thamani unayoitaja kwa kampuni, ile inayoandikwa kwenye mkataba, huitwa thamani ya bima. Mwenye gari lililoagizwa Japani hushawishika kuchukua ile karatasi ya muuzaji, yenye bei ya gari na nauli ya meli, aipeleke kwa wakala kama ilivyo. Amesahau kwamba kodi na ushuru alivyolipa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, vimeongeza pengine nusu ya gharama au hata kuirudia mara mbili. Gari likipotea kesho, la kuziba pengo lake litanunuliwa hapa, kwa bei ya hapa, na kodi ikiwa ndani. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: nikienda yadi leo kutafuta gari kama hili, la mwaka huu na hali hii, nitaombwa ngapi? Jibu lake ndilo thamani ya kuitaja.

Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada, nikisomea bima yenyewe, nikanunua Corolla ya mkononi kwa milioni sita. Nikajiona mjanja: nikamwambia wakala ni ya milioni nne. Nikaokoa kama elfu sabini za ada. Miezi mitano baadaye, usiku wa mvua, nikaingiza gari kwenye kalvati maeneo ya Kimara. Fundi wa gereji akakadiria matengenezo ya milioni moja na nusu. Nilipopeleka madai, mthamini wa kampuni akaja, akalizunguka gari, akasema kwa upole kwamba gari hili lina thamani ya milioni sita na mimi nimelipia milioni nne, yaani theluthi mbili. Basi na hasara watanilipa theluthi mbili: milioni moja. Laki tano zilizobaki ni zangu. Nilirudi darasani wiki iliyofuata na mwalimu, bila kujua yaliyonipata, akaandika ubaoni mada ya siku: kanuni ya uwiano.

Kanuni hiyo inasema kwamba ukikatia bima sehemu tu ya thamani, kwa sehemu iliyobaki wewe mwenyewe ndiye kampuni, na unabeba hasara pamoja nao kwa mgawo huo huo, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiasi ulichokatia. Si kila mkataba unacho kipengele hiki, na kampuni zinatofautiana katika kukitumia. Kitafute kwenye wako kabla hakijakutafuta.

Utauliza, basi nitaje kubwa zaidi ili niwe salama? Hapana, na sababu yake ni msingi mwingine, kanuni ya fidia. Bima inakurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya hasara, wala haikupeleki mbele ya hapo. Ukiikatia ile IST milioni 25, ikaibiwa wakati sokoni inakwenda kwa 16, utalipwa kwa kipimo cha 16, na ada ya hizo milioni tisa za hewa umeichangia kampuni bure. Ingekuwa vinginevyo, kila aliyeishiwa angeliombea gari lake liungue. Na angalia kwamba nimesema 16 ilhali ulinunua kwa 18: gari linachakaa, thamani inashuka, na fidia inafuata thamani ya siku ya tukio. Kwa hiyo kila mwaka unapokata upya, usimruhusu wakala anakili namba ya mwaka jana. Tathmini tena.

Nirudi kwenye milioni yangu moja, maana hata hiyo hawakunipa yote. Walikata kwanza kiasi ambacho mkataba unasema mkata bima atakibeba mwenyewe katika kila dai; mawakala wanakiita ekses. Inaweza kuwa kiwango maalumu cha shilingi au asilimia ya dai, na mara nyingi huongezeka dereva akiwa kijana mdogo au leseni yake ikiwa mbichi. Watu huiona ekses kama wizi. Ina kazi mbili za maana: inazuia mfuko usiliwe na madai ya mikwaruzo ya elfu thelathini, ambayo kuyashughulikia tu ni gharama, na inamfanya dereva aendelee kuwa na uchungu na gari lake. Kwako mnunuzi, ekses ni sehemu ya bei. Kampuni mbili zikikupa ada ile ile, moja ina ekses ya laki moja na nyingine laki tano, hizo si bidhaa za bei moja.

Sasa tuamue. Ile namba yetu ilikuwa 743,400 kwa kubwa, dhidi ya 118,000 kwa ndogo. Tofauti ni 625,400. Swali lako la kujiuliza usiku, kabla ya kulala, ni hili: gari hili likipotea kesho asubuhi, moja kwa moja, nitaweza kulinunua jingine bila kuuza kiwanja, bila kuacha ada ya shule ya watoto, bila kurudi benki? Kama jibu ni hapana, basi hizo laki sita na kitu zinanunua kitu ambacho huna njia nyingine ya kukipata. Kama jibu ni ndiyo, una uhuru wa kuchagua. Tajiri mwenye magari mengi anaweza kwa akili timamu kuyakatia mengine bima ndogo na kujiwekea mfuko wake. Zingatia kwamba sijakuuliza kama wewe ni dereva mzuri. Umahiri wako hauzuii lori lililokatika breki kwenye mteremko, wala mwizi.

Kwa hiyo, kwa mtu aliyelinunua gari lake la kwanza kwa akiba ya miaka minne, msimamo wangu ni bima kubwa kwa miaka ile ya mwanzo, walau hadi gari lishuke kufikia thamani ambayo unaweza kuililia wiki moja ukaendelea na maisha. Baada ya hapo hamia moto na wizi, au ndogo. Gari likishazeeka sana kampuni nyingi zenyewe husita kulikatia kubwa, hivyo uamuzi utafanywa kwa niaba yako. Na kama gari umelinunua kwa mkopo, huna cha kuamua: benki itataka bima kubwa na jina lake litaandikwa kwenye mkataba, kwa kuwa hadi umalize deni nayo ina lake ndani ya gari hilo.

Nimeshakushawishi kununua kubwa? Ngoja kwanza. Jina lenyewe linadanganya. Hakuna bima kubwa inayobeba kila kitu, na sehemu ya mkataba inayostahili macho yako kuliko zote ni ile inayoorodhesha mambo yasiyofidiwa. Mimi mkataba huanza kuusoma hapo, kama wanaoanza gazeti na ukurasa wa michezo.

Utakuta humo mambo usiyoweza kuyabishia: dereva aliyelewa, dereva asiye na leseni, gari lililokuwa linashindanishwa. Uchakavu wa kawaida nao haufidiwi. Klachi iliyokwisha na injini iliyokufa kwa uzee ni mambo yako na fundi wako. Tairi lililopasuka peke yake vilevile. Kioo cha mbele na saiti mira, ambavyo jijini hupotea foleni ikisimama, huwa na kikomo chake maalumu, na mara nyingine unatakiwa kuviongezea ada kidogo.

Matumizi ndipo vijana wengi hunaswa. Bima uliyoikata ni ya gari binafsi. Ukianza kubeba abiria kwa malipo, hata wa teksi za mtandaoni, hata jioni tu baada ya kazi ili kusukuma mwezi, umebadilisha matumizi, na kampuni ina haki ya kukataa dai lako. Ada ya gari la biashara ni kubwa zaidi kwa sababu gari hilo liko barabarani muda mrefu zaidi. Kama unapanga kufanya hivyo, sema mapema, ulipe kinachostahili. Vivyo hivyo ukitaka kuvuka mpaka: mkataba wa kawaida unaishia mpakani, na kwa safari ya nchi nyingi jirani utahitaji bima ya kadi ya njano ya jumuiya ya COMESA, ambayo Tanzania imeendelea kushiriki mpango wake ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000.

Halafu mafuriko. Anayepita Jangwani masika anajua ninachosema; Mto Msimbazi ukiamua, barabara inakuwa mto. Mikataba mingine inaweka mafuriko ndani, mingine inayataka yaongezwe kwa ada ya ziada. Uliza kwa jina lake: “Mafuriko yamo?” Na siku ikikukuta, maji yakaingia hadi kwenye viti, usiwashe gari ili ulisogeze. Injini ikinyonya maji inavunjika ndani, na kampuni inaweza kusema kwamba kilichoivunja ni mkono wako kwenye ufunguo. Sukuma, au lala nalo hapo hapo.

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba wajibu wote ni wa kampuni. Kuna upande wako. Mkataba wa bima umejengwa juu ya nia njema ya hali ya juu, kanuni inayomdai mkata bima aseme kila jambo la maana analolijua kuhusu hatari, hata kama hakuulizwa. Sababu ni rahisi: ukinunua mbuzi mnadani, unamfungua mdomo na kumwangalia meno, lakini kampuni haina namna ya kuyaona maisha ya gari lako isipokuwa kupitia kinywa chako. Kwamba mwanao wa miaka kumi na tisa ndiye anayeliendesha siku nyingi, sema. Kwamba mwaka jana kampuni nyingine ilikukatalia, sema. Kwamba umelibadilisha injini, sema, na uhakikishe kadi ya gari imerekebishwa. Ukweli unaweza kukupandishia ada kidogo. Uliofichwa huibuka siku ya dai, na siku hiyo una machozi mengine.

Ya utaratibu nitayapita haraka. Ulinzi huanza ukishalipa, kwa hiyo ahadi ya “nitakumalizia mwisho wa mwezi” haina bima ndani yake. Ukishalipa, hakiki mwenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa kutumia namba ya gari. Stika za kughushi zimewaliza watu, na anayegundua pale kwenye ajali amechelewa. Dai mkataba wote kwa maandishi, usiridhike na stika. Kama bima ya kawaida inakutia mashaka ya dini, ulizia takaful, mpango wa washiriki kuchangiana na kusaidiana ambao siku hizi unapatikana nchini. Ukimaliza mwaka bila dai, uliza punguzo la kutodai. Wengi hawaliombi na hawapewi. Na kampuni ikikukatalia dai kwa namna usiyoridhika nayo, kabla ya wakili na mahakama kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nimekuwekea mwisho jambo ninalolipenda kulifundisha kuliko yote, maana lingekuchanganya kama ningelianza nalo. Tuseme umesimama kwenye mataa ya Mwenge, na bajaji ikakuvaa kwa nyuma. Dereva wake anashuka, ana adabu, anaomba radhi, watu wamekusanyika, na mzee mmoja anatoa hekima: “Wanangu, yamalizeni hapa hapa.” Bajaji inatoa elfu hamsini, mnaandikiana kikaratasi kwamba yamekwisha, mnapeana mikono. Kesho unakwenda gereji na kuambiwa chesisi imepinda, laki tisa. Una bima kubwa, huna wasiwasi, unapeleka dai.

Kampuni inaweza kukukatalia, na hoja yake ina mashiko. Kwa kanuni tunayoiita haki ya kushika nafasi, mtoa bima akishakulipa anavaa viatu vyako: haki yote uliyokuwa nayo dhidi ya aliyekugonga inahamia kwake, ili naye amfuate, au amfuate mtoa bima wa bajaji, arudishiwe alichotoa. Ndiyo maana huwezi kulipwa mara mbili, na ndiyo maana mfuko wa wote haubebi makosa ya asiyechangia. Lakini wewe jana umeshasamehe, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Viatu unavyomkabidhi havina soli.

Kwa hiyo pale Mwenge, mpe yule dereva mkono, mpe na maji ya kunywa kama anatetemeka. Piga picha ya magari yalivyosimama na namba zake, andika jina na simu yake, ita trafiki, ipigie kampuni yako. Akiwepo majeruhi, apelekwe hospitali mara moja na fomu ya polisi ya PF3 ishughulikiwe. Usikiri kosa na usisamehe deni. Mzee wa hekima atanung'unika kwamba vijana wa siku hizi hamtaki kuyamaliza. Mwambie, Shikamoo mzee, sina ruhusa ya kuyamaliza peke yangu, tuko wengi humu.